Mtu Aliyechoma Masale ya Mpaka

Ndugu zangu, kabla sijaingia kwenye neno la leo nina swali la shambani. Nani kati yetu ameshapogoa masale yake mwaka huu? Inueni mikono, msione haya. Naona mikono michache, na mmoja kati ya hiyo umeinuliwa kwa sababu mke wa mwenye mkono amemgusa ubavuni. Nimemwona, asijifiche.

Nimekuja kwa miguu asubuhi hii nikitazama mipaka yenu. Mingine imepita paa la jiko. Chini mashina yako uchi, kuku wanapita, mbuzi wanapita, na huko juu kishungi cha majani kinapepea bila kazi yoyote. Isale halikupandwa lipepee. Lilipandwa lizibe.

Kwa ninyi mliohamia karibuni, mnaoliona isale kama mmea tu wa kando ya njia, niwaeleze kwa ufupi. Huku mlimani ndilo ukuta wetu. Kihamba chako, yaani shamba la nyumbani ulilorithi, kinaishia pale masale yaliposimama, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeyahamisha. Lina kazi ya pili pia, kubwa kuliko hiyo, lakini nitaifikia.

Namna ya kulipogoa si ngumu. Unasubiri mvua ya kwanza ya masika ilainishe ardhi. Unanoa panga, kwa sababu panga butu halikati, linapasua, na shina lililopasuka linaoza. Unakata mshazari ili maji yateremke yasituame juu ya kidonda. Unaacha shina la kimo cha goti. Hukati mstari mzima kwa mara moja. Unakata moja unaruka moja, na yale uliyoyaruka unayarudia mwaka unaofuata. Kipande ulichokata hukitupi, unakichomeka penye pengo, kitashika chenyewe. Baada ya hapo machipukizi yanatoka chini ya kidonda, na ukuta unajaa kuanzia miguuni. Mama mmoja hapo mbele anatikisa kichwa, nadhani kwake wanaacha shina refu zaidi. Sawa mama, tutaongea nje.

Sasa nisikilizeni habari ya mtu aliyefanya kinyume cha hayo yote.

Kulikuwa na ndugu wawili, tumbo moja, baba mmoja. Baba yao aliwagawia kihamba akiwa hai, akapanda masale katikati, akawapa sharti moja. Alisema, upande wa kaka atasafisha kaka, upande wa mdogo atasafisha mdogo. Lakini siku ya kukata mashina mtakuwepo wote wawili. Asikate mmoja mwenzake hayupo.

Mnaona busara ya mzee yule? Alijua kwamba mpaka ndio mahali ndugu wanapogombana, basi akapageuza kuwa mahali wanapolazimika kukutana. Na kwa miaka mingi ilikwenda vizuri. Masika yakianza, kaka mtu anasimama upande huu, mdogo mtu upande ule, mapanga mkononi, wanakata wakitaniana. Wake zao wanapika chungu kimoja. Watoto wanakimbia huku na huku kama vile mpaka haupo.

Kisha mdogo mtu akapata kazi ya kuendesha lori. Lori halijui masika wala vuli. Mvua ya kwanza ikaanguka, yeye yuko njiani. Kaka akamsubiri. Masika yakaisha. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na alipoulizwa alijibu kwa simu, "Kaka, masika yajayo nitakuwepo, Mungu akipenda." Masika yajayo yakaja, Mungu akapenda, mdogo mtu hakuwepo.

Masale yakarefuka. Kivuli chake kikaanguka kwenye bustani ya mke wa kaka, spinachi ikawa ya njano, mnavu ukanyong'onyea. Chini yakabaki mapengo, na mbuzi wa mdogo mtu akayajua. Niwaulize, mpaka hapo nani mkosaji? Semeni ukweli. Mkosaji ni mdogo. Kaka mtu alikuwa na haki ya kulalamika, na mimi sitamnyang'anya haki yake. Mtu anaweza kuwa na haki kabisa na bado akaharibu kila kitu.

Siku moja ya kiangazi, jua kali la Januari, udongo umekuwa vumbi, kaka alirudi nyumbani akamkuta yule mbuzi katikati ya kabichi. Hakumfukuza hata. Aliingia ndani akatoka na panga. Hakulinoa.

Mke wake akamfuata nje. "Unakwenda wapi na panga?"

"Kupogoa."

"Jua hili? Si ungoje mvua? Na mdogo wako si atarudi jioni?"

"Nimengoja vya kutosha," akasema. "Leo napogoa."

Ndugu zangu, alikata kuanzia juu ya kihamba hadi chini kwenye mfereji. Hakuacha kimo cha goti, hakuacha kimo cha kifundo cha mguu. Alikata sawasawa na ardhi, na palipogoma alipasua. Aliyoyakata mengine akayatupa upande wa ndugu yake, mengine akayarundika juu ya visiki, akayamwagia mafuta ya taa, akayawasha. Isale bichi haliwaki vizuri. Linatoa moshi mzito. Majirani walisimama kwenye njia wakitazama, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mtu anachoma masale ya mpaka.

Jioni mdogo mtu akarudi. Akasimama juu ya majivu yenye moto bado.

"Kaka," akasema, "umefanya nini? Huu ulikuwa mpaka wetu."

Kaka akamjibu, "Mpaka ni wa watu wawili. Mimi sina ndugu."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Hebu tuisimamishe hapo kidogo. Mtu yule alisema anapogoa. Je, alikuwa anapogoa? Panga alikuwa nalo. Mmea ulikuwa ni ule ule, na kweli ulihitaji kukatwa, hata mimi ningeupitisha ukatwe. Lakini anayepogoa anachagua wakati kwa faida ya mmea, na anaacha kitu ili kichipue. Huyu wakati wake ulichaguliwa na mbuzi. Na alipomaliza, hakukuwa kumebaki kitu cha kuchipua.

Masika yakaja. Migomba ikanyanyuka, kahawa ikapendeza, majani yakaota hata kwenye njia ya gari. Pale kwenye mpaka pakabaki mstari mweusi. Kaka mtu alikuwa anaupitia asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe, na kila siku alitazama kama limetoka chipukizi hata moja. Halikutoka. Visiki vilikuwa vimekufa kwa moto.

Ndugu wale hawakusalimiana tena. Walikuwa wakisali kanisa moja, mmoja anakaa upande wa dirisha, mwingine upande wa kwaya. Wakati wa kutakiana amani kila mmoja alimtafuta mtu wa karibu yake, akamshika mkono kwa bidii kubwa. Mnaijua bidii hiyo. Naiona kutoka hapa mbele.

Miaka ikapita. Binti wa kaka mtu akapata mchumba, kijana mzuri, wa watu wazuri. Siku ya wakwe kuja ikapangwa. Sasa kwa ukoo ule, anayewapokea wakwe mlangoni ni baba mdogo wa binti. Baba mzazi anakaa ndani anasubiri. Asipokuwepo baba mdogo, wageni wanaelewa mara moja kwamba nyumba hii imevunjika, na wanaweza kugeuza, wala hakuna atakayewalaumu.

Kaka mtu akasema, "Tutamwomba binamu yangu asimame."

Binti akamjibu, "Baba, mimi baba mdogo ninaye. Yuko hapo ng'ambo ya majivu. Kama yeye hatasimama mlangoni, nitawapigia simu wakwe wasije."

"Unanilazimisha?"

"Sikulazimishi. Nakuambia tu nitakachofanya."

Kaka mtu, sasa ni mzee, akachukua kamba akaenda kukata majani ya ng'ombe mpaka jioni. Alimpenda mtoto wake. Na niseme lililo kweli, alimpenda na ndugu yake pia, ila alikuwa ameliacha neno lile la "sina ndugu" likae miaka yote bila kulirudia, na kadiri lilivyokaa ndivyo lilivyozidi kuwa zito kuliinua.

Hapa ndipo inapokuja ile kazi ya pili ya isale. Huku kwetu, mtu aliyemkosea mwenzake vibaya anachukua jani la isale, analifunga fundo, anakwenda nalo kwa yule aliyemkosea, anampa. Haongei sana. Na yule aliyekosewa, hata awe na uchungu wa namna gani, jani la isale harudishi. Hivyo ndivyo wazee walivyotuachia, na wapo humu ndani watu ambao ndoa zao bado zimesimama kwa sababu ya jani hilo.

Mmeshaona tatizo la mzee wetu. Atalitoa wapi?

Akaenda kwa jirani wa juu. "Naomba nikate jani moja la isale."

Jirani akalitazama panga mkononi mwake. "Ndugu yangu," akasema, "unisamehe. Kahawa nitakupa, ndizi nitakupa. Lakini wewe ni mtu uliyechoma masale. Panga lako lisiguse ya kwangu."

Akaenda kwa jirani wa chini, akaambiwa hayo hayo kwa maneno ya upole zaidi. Mwishowe akapanda gari akashuka mjini, kwa wauza maua kando ya barabara, akanunua isale moja lililopandwa kwenye kopo, lile lenye mistari ya njano kwenye majani. Akarudi nalo amelipakata. Mke wake alipoliona alicheka mpaka akakaa chini.

"Hilo ni la hotelini, baba watoto. Hilo wanaliweka karibu na meza ya kupokelea wageni. Utakwenda kumwomba mdogo wako msamaha au unataka kumpangisha chumba?"

Yule mzee naye karibu acheke, kisha machozi yakamtoka. Akasema, "Basi sina." Mke akaacha kucheka. Akamwambia, "Nenda bila kitu."

Akaenda. Hakupitia njia kuu. Alikata moja kwa moja juu ya ule mstari uliokufa, mikono mitupu, akabisha hodi kwa mdogo wake. Mdogo mtu akatoka. Walikuwa wamezeeka wote wawili, na kila mmoja akashtuka kuona mvi za mwenzake kwa karibu.

"Nimekuja," kaka akasema. "Nilipaswa kuja na jani. Sina jani. Nilikuwa nalo mpaka mzima, nikalichoma lote. Nimeomba kwa watu, wamenikatalia, na wana haki. Kwa hiyo nimekuja hivi hivi, na sijui unaanzaje kuomba msamaha bila kitu mkononi."

Mdogo mtu aliitazama ile mikono mitupu. Akageuka, akanyoosha mkono juu ya mlango, akateremsha panga.

Kaka mtu akarudi nyuma hatua moja. Msimcheke. Hata wewe ungerudi.

Mdogo akazunguka nyuma ya jiko. Ikasikika sauti ya panga mara moja tu, sauti safi, ya panga lililonolewa. Akarudi na kipande cha isale, kijani kibichi, kimekatwa mshazari. Akachana jani moja, akamwekea kaka yake mkononi.

"Shika," akasema. "Lifunge mwenyewe fundo. Halafu uniombe."

Ndugu zangu, mzee yule alijaribu mara tatu, fundo likamshinda. Ilibidi mdogo amshikie ncha moja ya jani ili yeye apitishe ile nyingine. Akalifunga, akampa. Mdogo akapokea. Wakashikana pale mlangoni wakalia kama watoto, na mke wa mdogo mtu aliyekuwa anapita na ndoo akaiweka chini akalia naye.

Baadaye kaka akauliza, "Hili limetoka wapi?"

"Siku ile ulitupa mengine upande wangu," mdogo akamwambia. "Niliyaokota usiku huo huo nikayachomeka nyuma ya jiko."

"Kwa nini hukuyarudisha kwenye mpaka?"

"Mpaka hapandi mtu mmoja. Na nisikudanganye, kaka, sikuyapanda kwa upendo. Niliyapanda ili siku moja nikuoneshe ulichokichoma, nikuaibishe. Lakini masale yakiota lazima uyakate, la sivyo yanaharibika. Kwa hiyo kila masika nilikuwa nayakata, na kila nikiyakata nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuacha ukisubiri peke yako na panga, mwaka baada ya mwaka. Ile aibu niliyokuwekea ikawa inapungua. Mwishowe nilikuwa nayatunza tu, nikisubiri uje."

Huo ndio mfano wangu, na sasa nazungumza na sisi tuliomo humu, mimi nikiwa wa kwanza.

Sisi ni watu wa kuchelewa kupogoa. Mtoto anachelewa kurudi nyumbani, tunanyamaza. Anajibu vibaya, tunanyamaza. Tunasema atakua. Siku moja tumetoka kazini tumechoka, tumegombana na mtu mwingine kabisa, anavunja kikombe, na tunamtolea yote ya miaka yote kwa dakika moja, na begi lake tunalirusha nje. Kisha tunasema tumemwadhibu. Hapana, ndugu yangu, umemkata sawasawa na ardhi wakati wa jua. Ni hivyo hivyo kwa mume na mke, ni hivyo hivyo kwenye kamati zetu za kanisa, na wajumbe wa kamati mnajua nasema nini. Kukata lazima tukate, kupenda si kuacha kila kitu kiote kinavyotaka. Lakini tukate mapema, tukate mtu akiwepo na kusikia, na tuache kimo ambacho mwenzetu anaweza kuchipua kutoka hapo.

Na kama tumeshachoma? Maana wengine humu hatuhitaji somo la kupogoa, tumeshachelewa, majivu yameshapoa. Tumejaribu kwa majirani. Tumejaribu la dukani, tumetoa sadaka kubwa, tumefunga, tumejitolea kupaka rangi kanisa ili Mungu asiangalie kule kwenye mpaka. Mzee yule alipata jani pale tu alipokwenda bila jani. Na hilo jani hakulikata yeye, alilikata aliyekosewa, akampa, akasema sasa uniombe. Ndivyo Mungu alivyotufanyia sisi. Tulipokuwa hatuna cha kumwendea nacho alikileta mwenyewe, na kilimgharimu Mwanawe. Tusijivune basi kwamba tumetubu. Hata jani la toba tulipewa.

Nimalizie na wewe uliyekosewa, kwa sababu wewe ndiye unayetoka ibadani kila Jumapili ukijiona salama. Unasema, namsubiri aje, kosa si langu. Sawa, kosa si lako. Lakini nyuma ya jiko lako kuna nini? Atakapokuja, huenda atakuja vibaya. Atakuja bila maneno, bila zawadi, pengine bila hata kujua aanzie wapi, na wewe utatamani umwache asimame hapo mlangoni aone ilivyo. Usimwache. Ingia ndani ukamtafutie kitu cha kukuomba nacho msamaha. Na akishindwa kufunga fundo, mshikie ncha.